Mwanangu wa miaka 16 ana presha ya 146. Nimpe vidonge vya bibi yake?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Tulihamia mwaka 2018, mume wangu alipofuata ofisi yao kutoka Dar. Mtoto wetu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Nyumbani tunamwita Kaka.

Wiki sita zilizopita kulikuwa na bonanza la vijana, mpira na kuvuta kamba, na pembeni hema la kupima afya bure. Kaka akatoka uwanjani anahema, jasho linamtiririka, akaingia foleni na wenzake kwa utani tu. Presha ikaja 146 kwa 88. Aliyempima, sijui ni daktari au bado anasoma, akamwambia mbele za watu: "Dogo, mishipa yako imeshakakamaa kama ya mzee." Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Mzee. Anacheka nao, lakini mpira ameacha kwenda.

Wiki iliyofuata nikampeleka zahanati. Watu wengi, akapimwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, muuguzi anamuuliza maswali na yeye anajibu. Ikaja 138 kwa 84. Nikaambiwa nimrudishe, lini sikuambiwa. Juzi baada ya ibada tukapita duka la dawa, tukakaa tukapiga soga na muuzaji, halafu Kaka akanyamaza akapimwa: 128 kwa 78. Sasa mimi nishike ipi?

Mume wangu hataki hata kulisikia. Anasema presha ni ya wazee na ya wenye magari, nisimtie mtoto ugonjwa. Simuelewi, Shangazi, maana mdogo wake wa damu alianguka kiharusi akiwa na miaka 43, tukamzika Manyoni mwaka juzi.

Nisiwe mwongo, Kaka ni mzito. Ana kilo 81 na si mrefu hivyo. Jioni lazima apite kibandani kula chips mayai. Usiku anasema anasoma, na enaji iko pembeni, moja ikiisha anafungua nyingine. Analala saa 8 usiku, saa 11 na nusu namwamsha. Bodaboda inampeleka shule, bodaboda inamrudisha. Halafu mwezi uliopita nilifua shati lake nikasikia harufu tamutamu, kama ya pipi za matunda. Dada yake akaniambia wanavuta shisha kwa rafiki yao Area D. Baba yake sijamwambia.

Mama yangu yuko Kongwa, ana presha miaka mingi. Nilipomtembelea nilichukua karatasi moja ya vidonge vyake bila kumwambia, nimeificha kabatini. Nimewaza kumpa Kaka nusu kidonge kila asubuhi. Sijampa bado, mkono umesita.

Na huyo dada yake, ana miaka 13, mwembamba kama ufito. Yeye nimwache ale anavyotaka?

Mama Kaka, Nkuhungu

*

Marahaba, Mama Kaka. Pole na heko, vyote viwili.

Kwanza vidonge, maana hilo haliwezi kusubiri. Usimpe nusu, usimpe robo. Vile vidonge daktari alimwandikia mama yako kwa umri wake, figo zake na magonjwa yake mengine. Presha ya kijana, kama kweli ipo, daktari huanza kwa kutafuta inatoka wapi, kwa sababu kwa watoto na vijana mara nyingine kuna kitu nyuma yake, figo hasa. Ukimlisha kidonge kimyakimya, namba itashuka, na siku utakapompeleka kwa daktari ataonekana mzima kabisa. Utakuwa umefunika chungu kinachoungua.

Sasa namba. Mimi nimefunga mkanda wa presha kwenye mikono ya watu miaka 27 kabla ya kustaafu, na nakuambia ile 146 ya uwanjani uitupe. Mtu akikimbia presha hupanda, inatakiwa ipande, la sivyo misuli ingepata damu kwa njia gani? Kumpima mtoto anayehema ni sawa na kumpima joto mtu aliyetoka kukaa jikoni penye mkaa. Na kumwambia mbele ya wenzake ana mishipa ya mzee, hapo huyo aliyempima alikosea mara mbili, maana mkanda wa mkononi hauonyeshi mshipa umekakamaa kiasi gani. Kuna mashine za kazi hiyo. Zinapima wimbi la mapigo linakimbia kwa kasi gani kutoka shingoni hadi kinenani. Kwa kijana mwenye afya ni mita 5 hadi 6 kwa sekunde. Kwa mtu mzima ikizidi 10, madaktari wanaanza kukunja uso. Wewe mashine hiyo usiitafute, Kaka haihitaji kwa sasa.

Ile 138 ya zahanati nayo ina kasoro. Miguu inaning'inia, mgongo hauna pa kuegemea, mdomo unaongea, na kila kimoja kati ya hivyo hupandisha namba. Kisha mkanda wenyewe. Kijana wa kilo 81 ana mkono mnene, na akifungwa mkanda mwembamba presha inasoma juu kuliko ilivyo. Waulize kama wana mkanda mpana, ni haki yako kuuliza na wala si ujuaji.

Inabaki 128 kwa 78 ya duka la dawa, na hiyo ndiyo naiamini kuliko zote. Usishangilie lakini. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 unasema kuanzia miaka 13, presha nzuri iko chini ya 120 kwa 80. Namba ya juu ikiwa 120 hadi 129, na ya chini haijafika 80, imepanda. Kuanzia 130 kwa 80, ikionekana hivyo siku tatu tofauti, ndipo inaitwa ugonjwa. Kaka yuko kizingitini: ndani hajaingia, uani hayupo.

Hilo la mishipa nataka ulielewe, ili umweleze mwenyewe kwa lugha yake. Muulize kama amewahi kuchonga manati. Mpira mpya wa manati ukiuvuta unavutika, ukiuachia unarudi kwa nguvu. Mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, unafanya hivyohivyo: moyo ukisukuma, mshipa unatanuka na kupokea ule mshindo, moyo ukipumzika, mshipa unajirudi na kuisukuma damu mbele. Yaani moyo una msaidizi. Sasa chukua mpira uleule uutupe juu ya bati hapa Dodoma mwezi wa 10, uurudie baada ya wiki tatu. Umekauka, ukiuvuta haujirudi. Mshipa ukiwa hivyo, moyo unafanya kazi peke yake na kila pigo linakwenda kama nyundo kwenye vimishipa vidogo vya ubongo na figo. Kukauka huko hakungoji mvi. Watafiti waliowafuatilia zaidi ya vijana 3,800 wa Bristol, Uingereza, waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakawapima wakiwa na miaka 17 na tena 24, waliona ugumu wa mishipa unatangulia na presha inafuata. Mmoja wao ni Andrew Agbaje wa Chuo Kikuu cha Finland Mashariki, na ripoti ilitoka mwaka 2022.

Mumeo anayesema ni ya wazee, mwambie hadithi ya wanajeshi wa Marekani waliokufa katika vita vya Korea. Madaktari waliipasua mioyo ya wanajeshi 300, wastani wa umri wao miaka 22, na mwaka 1953 wakaandika kwamba 77 katika kila 100 mishipa ya moyo ilikuwa na dalili za kuziba. Wazima wale, wa kukimbia na bunduki. Kuziba na kukakamaa si kitu kimoja, lakini ni ndugu wa tumbo moja.

Ila sidhani mumeo anabisha kwa kutojua. Mtu aliyemzika mdogo wake wa miaka 43 anajua kiharusi ni nini kuliko mimi na wewe. Nahisi anaogopa. Hujaniambia presha yake yeye ni ngapi, na nahisi hujaniambia kwa sababu hujui, wala yeye hajui. Ukimpeleka Kaka kupimwa, nenda na baba yake, na baba ndiye akae kwenye kiti kwanza. Usimwambie anapimwa kwa sababu ya marehemu. Mwambie daktari anataka namba za familia, na ni kweli atazitaka.

Mtakapokwenda, muwe mmepumzika dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini haijakunjwa nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Siku hiyo Kaka asinywe enaji. Anzeni kituo cha afya cha karibu, na namba zikigoma kushuka wawape rufaa hadi Hospitali ya Mkoa, ile tunayoiita General. Benjamin Mkapa wapo mabingwa wa moyo, lakini usirukie huko kwa 128. Mwombe daktari apime mkojo, figo na sukari, na aguse mapigo ya kinenani pia. Hilo la mwisho madaktari wenye haraka hulisahau. Wapo watoto wanaozaliwa aota imebanwa mahali, mkononi presha iko juu na miguuni mapigo hafifu. Na siku Kaka akizimia akiwa anacheza, au kifua kikimbana akikimbia, au kichwa kikimuuma vibaya huku macho yana ukungu, miadi haingojwi, ni hospitali saa hiyohiyo.

Nyumbani sasa. Naanza na chumvi, kwa sababu chumvi ya chips mnaiona na ya chungu hamuioni.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa ya kwenye mboga, mkate, soseji na kila kitu. Fanya hivi: pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu siku unayoifungua. Nyie watu watano, kwa gramu 5 kila mmoja, pakiti hiyo ni ya siku 20. Na kwa kuwa wengine ni watoto, na chumvi nyingine wanakula huko nje, ilipaswa ifike mwezi na zaidi. Nilipofanya hivi kwangu iliisha siku ya 13, na tulikuwa watu wanne, nikajiona nilivyo, muuguzi mzima. Usihamie chumvi ya kupimiwa kwenye gunia ukidhani ni ya asili zaidi. Baki na yenye madini joto, punguza mkono tu.

Na magadi je? Najua jinsi mlenda unavyopikwa huku, nimeolewa ukoo wa Kigogo na mlenda sitauacha hadi naingia kaburini. Mlenda wenyewe ni mboga nzuri, na karanga zake ni nzuri. Lakini magadi ni sodiamu ileile iliyoko kwenye chumvi, imevaa kanzu nyingine. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji, uone kama yatakudai magadi. Mlenda jaribu bila, au weka kidogo sana na chumvi usiweke. Vile vidonge vya kukolezea mchuzi navyo ni chumvi. Wiki mbili za kwanza watalalamika chakula kimepooza, halafu ulimi unazoea.

Chips mayai usizipige marufuku, atakula akijificha. Kubalianeni mara moja kwa wiki, asinyunyiziwe chumvi, kachumbari iwe nyingi. Kinachomkimbiza pale kibandani ni njaa: kijana wa miaka 16 aliyekula ugali saa 7 mchana hafiki saa 2 usiku. Akute kitu nyumbani saa 11 jioni, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi, zabibu zikiwa msimu, hapa tunazo za kumwaga. Soda nayo, chupa ya nusu lita ina sukari inayozidi vijiko 10 vya chai. Hesabu, halafu mwoneshe hivyo vijiko kwenye sahani.

Enaji ndiyo ningeikata kesho. Ina kafeini na sukari kwa pamoja, inapandisha presha na mapigo, na madaktari wa watoto wanasema vijana wasiinywe kabisa. Lakini ukiikata bila kugusa usingizi umefanya nusu. Saa 8 usiku hadi saa 11 na nusu ni masaa matatu na nusu, Mama Kaka! Umri wake unataka masaa 8 hadi 10. Presha inatakiwa ishuke mtu akilala, hapo ndipo mishipa inapumzika. Yake inapumzika lini? Na anachokisoma saa 7 usiku, hebu siku moja muulize asubuhi. Simu ilale sebuleni, na ya kwako ilale hapohapo, la sivyo atakuambia wewe mbona.

Bodaboda ya asubuhi iache, shule haingoji. Ya jioni ikate. Arudi kwa miguu na wenzake wa mtaa huo, jua likiwa limelegea. Vijana wa umri huo wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku, na dakika 40 za kutembea haraka ni sehemu kubwa ya hizo. Zaidi ya yote namtaka arudi uwanjani. Mtafute kocha au kiongozi wa vijana, uongee naye pembeni hilo jina la Mzee likome. Kwa kijana huyu jina hilo lina madhara kuliko chips.

Shisha. Hapo ulipokea siri kwa binti, kwa hiyo usimchome. Usianze na "nimesikia", anza na harufu ya shati, hiyo uliinusa mwenyewe. Atakuambia moshi unapita kwenye maji unasafishwa. Hausafishwi. Mkaa unaowaka juu yake unatoa hewa ya sumu ileile ya jiko chumbani, na kikao cha shisha ni saa nzima ya kuvuta. Kisha mpe habari njema, maana ipo. Mwaka 2018 watafiti wa London waliangalia vijana 1,266 wa kundi lilelile la Bristol. Waliokuwa wamevuta zaidi ya sigara 100 tangu waanze walikuwa na mishipa migumu kuliko waliovuta chini ya 20, wote wakiwa na miaka 17. Lakini walioacha wakiwa bado vijana, mishipa yao ilirudi sawa na ya wasiovuta. Mpira wa manati ukishakauka haurudiki, mshipa wa miaka 16 bado unarudika. Mimi ningemwambia baba yake, lakini baada ya mazungumzo hayo, na Kaka akijua kwamba nitamwambia.

Dada mtu asiachwe. Wembamba haumkingi na chumvi wala na kukosa usingizi, na nimepima mabinti wembamba wenye presha. Kula mle chungu kimoja, na Kaka asiwekewe sahani yake ya mgonjwa. Huyo binti, na wote kwa kweli, akipata koo kuuma sana na homa, apelekwe kituoni, asimalizwe na maji ya tangawizi. Koo la bakteria lisipotibiwa laweza kuleta homa inayoharibu milango ya moyo, na hilo hapa kwetu tunaliona kwa watoto wa umri wake.

Mpime Kaka siku tatu tofauti ndani ya wiki sita zijazo, uandike kwenye daftari na namba za baba yake pembeni, halafu uniandikie.

Ile karatasi ya vidonge usiitupe. Mama yako anahesabu dozi kwa mwezi, na saa hii huenda anadhani kapoteza zake au anapunguza ili zifike mwisho wa mwezi. Mpigie simu leo, umwambie ukweli, na kesho asubuhi mpe kondakta wa Coaster ya Kongwa amfikishie.